Siku tano nikimfuata mtengeneza nywele

Alhamisi, Baltimore

Nimemaliza kichwa cha mwisho saa saba mchana, nikafagia, nikafunga saluni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi tangu Jumatatu, na kifundo kinauma nikikunja ngumi. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa nasuka. Nilianzia Moshi, barazani kwa shangazi, kwa mabutu na twende kilioni za watoto wa shule. Hapa Marekani kazi kubwa ni rasta: saa saba, saa nane kwa kichwa kimoja, na muda wote huo umesimama.

Mwezi uliopita daktari aliniambia nipunguze kazi. Kaka yangu naye, kwa nia njema kabisa, akaniambia kwenye simu, "Dada, umeshasaidia vya kutosha. Pumzika." Neno hilo limenikaa kifuani. Nikipunguza vichwa, kitakachopungua si chakula changu. Zitapungua ada za watoto wawili wa marehemu dada yetu, na dawa za presha za Mama, na ile bahasha ya kigango chetu kule mgombani. Bahasha hiyo nimeirithi kwa Mama angali hai. Alikuwa akirudi sokoni kuuza ndizi, kabla hajanunua hata sukari anatenga ya Kanisa na ya wajane wa jumuiya, anaifunga kwenye ncha ya kanga, na hapo haiguswi tena.

Ndipo sista mmoja wa hapa akanipa kadi ya sala yenye picha ya mzee mweusi aliyevaa koti. "Huyu mwenzako," akaniambia. "Naye alikuwa mtu wa nywele."

Pierre Toussaint. Alizaliwa mtumwa mwaka 1766 huko Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti. Alifia New York mwaka 1853 akiwa mtu huru, mwenye miaka 87, na kwa zaidi ya nusu karne alikuwa akitengeneza nywele za wanawake. Kanisa linachunguza kama ni mtakatifu. Nimesoma habari zake wiki nne mfululizo, usiku, mkono ukiwa kwenye maji ya moto, mwisho nikasema niende nikaone alipokanyaga.

Safari yenyewe inaanzia mji huu huu. Kabla ya basi nimepita mtaa wa East Chase, ilipo St. Frances Academy. Shule hii ilianza mwaka 1828 kwa ajili ya watoto weusi, wakati Maryland bado ni jimbo la utumwa, na mwaka uliofuata Mary Elizabeth Lange, mwanamke mweusi aliyetoka visiwa vya Karibi, akaanzisha hapa shirika la masista weusi, Oblate Sisters of Providence. Toussaint aliwatumia fedha kutoka New York. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikiwatazama watoto wakitoka darasani na mabegi yao. Wasichana watatu walikuwa na rasta, na mmoja nimejua kwa kutazama tu kwamba aliyemsuka ana haraka: mistari ya kisogoni imepinda.

Basi limeondoka saa kumi na moja jioni. Nikiwa kitini ujumbe ukaingia, wa binti wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu, anayekuja saluni kuniuliza kama naweza kumfundisha kusuka. Ameshauliza mara tatu. Nimemjibu kama nilivyomjibu mara zote: mdogo wangu, kwa sasa sina nafasi.

Ijumaa, mtaa wa Barclay

Nimefikia Bronx kwa rafiki yangu, dada wa Kitanga anayehudumia wazee majumbani. Jana usiku nilimkuta ameniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Leo asubuhi nimechukua treni namba 2 hadi Park Place, nikatoka chini ya ardhi, na hatua chache tu kanisa hili hapa: Mtakatifu Petro, St. Peter's, lenye nguzo sita kubwa za mawe mbele.

Ndiyo parokia ya Kikatoliki ya kwanza katika jimbo la New York, ilianzishwa mwaka 1785. Toussaint aliletwa mjini humu na bwana wake Jean Bérard mwaka 1787, kipindi ambacho utumwa Saint-Domingue ulikuwa umefikia ukatili usiosemeka na matajiri wameanza kunusa hatari. Jengo la sasa jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1836, kwa hiyo alisali katika lile la zamani na katika hili pia. Kila asubuhi saa kumi na mbili, Misa, kisha kazini. Miaka 66.

Nimekaa benchi la nyuma nikijaribu kuielewa hesabu hiyo. Si ukubwa wake unaonishangaza. Ni zile asubuhi zenyewe. Mimi najua asubuhi ya mtu wa nywele: jana umelala saa sita usiku, miguu imevimba, na wa saa mbili ameshapiga simu kusema yuko njiani. Huyu alikuwa na wateja mpaka kumi na zaidi kwa siku, nyumbani kwao, huku na huko mjini. Na bado saa kumi na mbili yumo humu, theluji iwepo isiwepo.

Katika kanisa la hapa Elizabeth Ann Seton alipokelewa katika imani Katoliki mwaka 1805, yule aliyekuja kuwa mtakatifu wa kwanza mzaliwa wa Marekani. Na tarehe 11 Septemba 2001, minara ilipoanguka mtaa wa pili, mwili wa padre Mychal Judge, mhudumu wa kiroho wa wazimamoto, uliletwa ukalazwa mbele ya altare hii. Nimeitazama sakafu pale mbele kwa muda mrefu.

Misa ya mchana ilikuwa na watu wa maofisini, wengi na vitambulisho shingoni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye umri wa Mama yangu, akisali rozari kwa lugha niliyoifananisha na Kifaransa. Baada ya Misa nikamwonyesha kadi yangu. Uso wote ukafunguka. Ni Mhaiti. Akaibusu kadi, akanirudishia, akaniambia kwamba huyu ni wao, kwamba bibi yake alimfundisha jina lake kabla hajajua kusoma. Akauliza mimi natoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwonyesha mikono. Akaishika yote miwili, akaifumba katikati ya viganja vyake, akasema kitu kwa Kihaiti ambacho sikukielewa, na sikutaka anitafsirie.

Jumamosi, kwa miguu

Leo nimeamua kutembea, kwa sababu yeye alitembea. Mabasi ya farasi ya New York hayakuwapakia watu weusi, hivyo Toussaint, na vyombo vyake vya kazi, alizunguka mji huu kwa miguu mpaka uzeeni. Rafiki yangu hakuwa na zamu, akasema, "Shoga, siwezi kukuacha upotee peke yako." Yeye ni Mwislamu, habari za Misa hazimhusu, lakini habari za watumwa zinamhusu sana.

Tumeanzia Barclay tukapanda Church Street. Dakika tano hivi unakutana na mtaa wa Reade, ambako Toussaint aliishi katika nyumba ya mabwana zake. Hapa ndipo pana kile kisa ambacho kila anayeandika habari zake lazima akisimulie, na kila anayekisikia kinamkwaza kwa namna yake.

Bérard alimweka kujifunza kazi kwa mtengeneza nywele wa mjini. Enzi hizo wanawake wa kitajiri walijengwa nywele kama mnara, mawimbi na vikunjo na unga mweupe juu yake, na fundi mzuri alilipwa vizuri. Kisha Bérard akarudi Saint-Domingue kuokoa mali yake, akafia huko kwa ugonjwa wa mapafu. Mashamba yakapotea katika mapinduzi. Mjane akabaki New York hana kitu, na wadai mlangoni. Akampa Toussaint mikufu yake akauze alipe deni. Toussaint akarudi na vifurushi viwili: kimoja cha fedha, alizozichuma kwa kutengeneza nywele, na kingine ni mikufu ile ile. Tangu hapo aliilisha nyumba, kwa siri, ili Madame asionekane amefilisika. Na jioni akiwa na wageni alimtengeneza nywele, akamchomekea ua bichi.

Rafiki yangu alisimama katikati ya njia. "Mtumwa amlishe aliyemnunua? Na kumchomekea ua? Hapana, shoga. Huyo si mtakatifu, huyo walimvunja."

Sikumjibu papo hapo. Wako Wamarekani weusi wanaosema hivyo hivyo, na siwezi kusema wamekosea kuuliza. Mimi mwenyewe nilipokisoma mara ya kwanza niliweka simu chini. Sheria ya New York ilianza kuwaachia watumwa polepole mwaka 1799, na utumwa haukufutwa kabisa jimboni hadi tarehe 4 Julai 1827. Angeweza kukimbia. Angeweza kudai. Yeye alingoja mpaka mwaka 1807, yule mama akiwa kitandani anakata roho, ndipo akaandikiwa uhuru wake, akiwa na miaka 41.

Lakini kuna sehemu ya pili, nikamwambia rafiki yangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jengo moja. Fedha zile zile za nywele zilimkomboa dada yake, Rosalie. Zikamkomboa Juliette Noel, akamwoa mwaka 1811. Zikawakomboa wengine. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo haya yote. Kukomboa ni kumlipia mtumwa awe huru, na Mkombozi ndiye tunayemwita Kristo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 ndivyo walivyoanza, wakiwalipia watumwa na kuwaweka katika kijiji cha uhuru, na kutoka pwani ile imani ikapanda mpaka Kilema, mlimani kwetu. Kwa hiyo mimi simwoni Toussaint kama mtu aliyevunjwa. Namwona mtu aliyekataa kumwacha yeyote aliyeko mbele ya macho yake akiangamia, hata yule ambaye hakustahili. Rafiki yangu akasema, "Hiyo ya dada yake nimeikubali. Hiyo ya ua bado." Tukaendelea kutembea.

Mtaa wa Franklin ndiko alikonunua nyumba yake mwenyewe. Leo ni majengo marefu ya ghala za zamani yaliyogeuzwa makazi ya gharama. Nimesimama pale nikiwaza idadi ya watu waliokula katika mtaa huu. Yeye na Juliette hawakujaliwa mtoto. Rosalie alipokufa kwa kifua kikuu walimchukua binti yake, Euphémie, kichanga mgonjwa ambaye watu walisema hataishi. Wakamlea kwa maziwa na hewa safi, Toussaint akimbeba kila siku kumtembeza. Alipokua akawa anamwandikia mjomba wake barua kila wiki, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na barua hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba kuu ya umma ya New York. Alifariki mwaka 1829, miaka kumi na minne, kwa ugonjwa ule ule uliomchukua mama yake.

Nina watoto wawili wa dada yangu. Hapo Franklin sikuweza kusema neno, na rafiki yangu hakuniuliza kitu.

Wavulana weusi wasio na wazazi aliwaweka nyumbani, mmoja baada ya mwingine, akawasomesha, akawatafutia ufundi. Yatima wa kizungu waliotunzwa na Masista wa Upendo aliwachangishia fedha kwa wateja wake, na Euphémie alipokuwa hai walikuwa wakiwapelekea mikate mitamu. Homa ya manjano ilipofunga mitaa na watu wakawakimbia wagonjwa wao, Toussaint alivuka vizuizi akaingia kuwauguza. Sikukuta mahali alipojisifu kwa lolote kati ya hayo. Wateja nao walimpenda kwa jambo ambalo sisi wa saluni tunalijua uzito wake: aliyoyasikia kichwani kwa mtu yaliishia pale pale. Mama mmoja alipomchokonoa ampe habari za wengine alijibu kwamba Toussaint anatengeneza nywele, yeye si gazeti. Nimecheka peke yangu barabarani. Hayo maneno nitayabandika juu ya kioo changu.

Tumevuka Canal, tukafika mtaa wa Mulberry: kanisa la zamani la Mtakatifu Patriki, lililotabarukiwa mwaka 1815, na ukuta wa matofali mekundu kuzunguka makaburi yake. Toussaint alilichangia. Na mwaka 1842, akiwa mzee wa miaka 76, alikuja na mkewe kusali, wakazuiwa na mwelekezaji kwa sababu ya rangi yao. Wadhamini walimwandikia barua ya kuomba radhi. Alisamehe. Mimi nilipata shida na jambo hilo kuliko lile la ua. La ua lilikuwa jambo lake na mtu mmoja. Hili lilikuwa nyumba ya Baba yake.

Hapa ndani ya ukuta alizikwa Euphémie, kisha Juliette mwaka 1851, kisha yeye miaka miwili baadaye. Nimeshika chuma cha geti nikasali Salamu Maria tatu. Rafiki yangu alisimama pembeni amefunga mikono, na nilipomaliza akasema taratibu, "Mungu amrehemu."

Jumapili, Fifth Avenue

Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patriki, lile jipya, lenye minara miwili. Watu wengi kiasi cha kutoona altare. Watalii na simu zao juu, lakini waimbaji walipoanza hata watalii walinyamaza.

Mwaka 1990 Kardinali John O'Connor aliagiza mwili wa Toussaint uhamishwe kutoka Mulberry uletwe hapa, chini ya altare kuu, wanakozikwa maaskofu wakuu na makardinali wa New York. Ndiye mlei pekee humo. Mtumwa, mtu wa nywele, amelazwa na makardinali. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Zimebaki ngazi mbili, ya mwenyeheri na ya mtakatifu.

Nimekwenda nyuma ya altare. Chini hakuendeki, mlango umefungwa. Nikapiga magoti karibu kadiri ilivyowezekana, nikatoa kadi, na nikamwambia wazi kilichonileta. Nilimwambia kuhusu vidole. Nilimwambia kuhusu Kaka. Nilimwambia kwamba naogopa siku mkono utakapokataa kabisa, na kwamba naogopa pia kugundua kuwa nilikuwa nikitoa ili nionekane.

Yeye aliwahi kuambiwa neno lile lile nililoambiwa mimi. Moto mkubwa wa Desemba 1835 ulimla akiba nyingi, kwa kuwa fedha zake zilikuwa katika kampuni za bima zilizofilisika, na marafiki walipotaka kumchangia alikataa, akasema wapo wenye shida kuliko yeye. Akaendelea na kazi. Alipokuwa mzee, mama mmoja alimwambia: Toussaint, una mali ya kukutosha, kwa nini usiache kazi ukapumzika? Akamjibu: "Madame, nina ya kunitosha mimi, lakini nikiacha kazi sitakuwa na ya kuwatosha wengine."

Kwa wiki nne nilikuwa nikilisoma jibu hilo kama amri, kwamba nisuke mpaka nianguke. Leo nikiwa magotini nimekumbuka wale wavulana wa mtaa wa Franklin. Hakuwapa chakula tu. Alihakikisha kila mmoja anatoka pale na kazi mkononi. Nimebaki hapo mpaka mlinzi akapita akiashiria kwamba wengine nao wanangoja nafasi.

Jioni rafiki yangu amenikanda kifundo kwa mafuta ya karafuu, akakifunga kitambaa, huku akininong'onezea dua za kwao. Ameuliza kama huyo mzee wangu alikuwa na mtu wa kumkanda mikono. Nimemwambia alikuwa na Juliette miaka arobaini. "Afadhali," akasema.

Jumatatu, njiani

Basi la asubuhi. Mvua tangu New Jersey. Mkono umelegea kidogo, ganzi bado ipo.

Nimempigia Kaka. Nimemwambia nitapunguza vichwa viwili kwa wiki, daktari asilalamike, ila ada sitaacha. Ametulia kidogo, kisha akasema Januari atachukua ya yule mdogo yeye mwenyewe, kwamba kwa muda mrefu alikuwa anaona aibu kuniambia anaweza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Halafu nimemwandikia binti wa Bukavu: "Njoo kesho saa tatu asubuhi. Uje na kichana cha mkia, na mdoli kama unao. Kama huna tutaanzia kichwani kwangu."

Amejibu kabla hatujafika daraja la Delaware. "Asante sana mama. Nitakuya mapema."